Ubao Wenye Maua: Jinsi ya Kutengeneza Kisanduku cha Vito kwa Mninga wa Mitundu

Karibu kila karakana inayochonga milango na vitanda vya mninga ina rundo la mabaki pembeni. Humo ndani huwa kuna vipande vilivyotoka kwenye panda ya mti, penye matawi mawili, au karibu na nundu na fundo. Fundi wa milango havitaki: ni vifupi, nyuzi zake zimepinda, na randa ikipita juu yake inang'oa badala ya kulainisha. Mwisho wake ni jikoni, chini ya sufuria.

Kwa kisanduku cha kuwekea bangili, hereni na mikufu, vipande hivyo ndivyo bora. Nyuzi zilizopinda ndizo zinazochora mawimbi, miali na macho ambayo mafundi huyaita maua. Mwongozo huu ni wa fundi, au mtu mwenye mkono mwepesi, aliyeko Mitundu, mkoani Singida, au popote katika ukanda wa miombo, mwenye zana za kawaida za mkono na subira ya miezi kadhaa.

Kwa nini mbao zenye maua husumbua

Elewa mambo mawili kabla ya kushika msumeno.

La kwanza ni nyuzi. Katika ubao wa kawaida nyuzi zote hulala upande mmoja, nawe huranda kuzifuata. Katika ubao wenye maua, nyuzi hupanda hapa na kushuka pale. Popote utakapoanzia, kuna mahali randa itazikabili uso kwa uso na kuzing'oa.

La pili ni unyevu. Mbao hutanuka kwa upana hewa ikiwa na unyevunyevu na husinyaa hewa ikikauka. Kwa urefu haibadiliki sana. Mitundu ina kiangazi kirefu, takribani Mei hadi Oktoba, kisha mvua. Kisanduku kilichoungwa Septemba na kupelekwa Dar es Salaam au Zanzibar kitakuta hewa nzito ya pwani, na ubao wa kifuniko utataka nafasi. Ukiunyima, utapasua kona. Kilichoungwa Februari nacho kitasinyaa ifikapo Agosti. Kama kifuniko kimegandishwa kwa gundi pande zote, kitapasuka katikati, tena palepale penye maua mazuri.

Kanuni ya kazi yote basi ni hii: maua yawekwe kwenye kifuniko, na kifuniko kiachwe huru. Kuta za kisanduku zichongwe kwa mbao iliyotulia.

Uchague mti gani

- Mninga. Chaguo la kwanza. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu au udhahabu, uzito ni wastani, kiasi cha kilo 640 kwa meta ya ujazo, na ukishakauka husinyaa kidogo sana ukilinganishwa na miti mingi. Unafaa kuta na kifuniko.
- Mkurungu. Ndugu wa mninga, mwekundu zaidi. Unafaa kifuniko.
- Mkora. Mgumu na mtulivu. Unafaa kuta, ila huchosha zana.
- Mpingo. Mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini. Utumie kwa vipande vidogo tu vya kukaza na kupamba kona.

Tumia kiini cha mti peke yake. Sehemu nyeupe ya nje ikatwe yote, kwani bungua huipenda na wataendelea kuila hata baada ya kisanduku kuuzwa. Ukiona vitundu vyenye unga mpya, weka kipande hicho mbali na mbao nyingine.

> TAHADHARI: UHALALI WA MBAO
> Usikate mti wa asili bila kibali. Anzia ofisi ya kijiji na ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Njia rahisi ni kununua mabaki kwenye karakana inayonunua mbao kihalali. Omba risiti na uitunze. Ukisafirisha mbao, uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mpingo umo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaamua kuongeza mininga na mikora ya Afrika. Mteja akitaka kisanduku kivuke mpaka, uliza TFS kabla ya kupokea malipo.

Vipimo na mahitaji

Kisanduku chetu kikikamilika kina urefu wa mm 250, upana mm 160 na kimo mm 90.

| Sehemu | Kipimo (mm) | Mbao |
|---|---|---|
| Kuta nne, kutoka ubao mmoja | 900 × 92 × 12 | Mninga wa nyuzi zilizonyooka |
| Ubao wa kifuniko | 235 × 144 × 6 | Mninga wenye maua |
| Kitako | 235 × 145 × 4 | Plaiwudi |
| Ndimi za kona | vipande 12 vyembamba | Mpingo |

*Zana:* msumeno wa meno madogo, randa, patasi, skwea, futi, penseli iliyochongwa vizuri, noleo, drili ndogo, na kipande cha bati la msumeno wa zamani cha kukwarulia.

*Vifaa:* gundi nyeupe ya mbao, mipira ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, msasa namba 120, 180, 240 na 320, bawaba mbili ndogo za shaba na skrubu zake, sila ya mbao, nta ya nyuki, tapentaini, kitambaa cha mahameli au kitenge.

Hatua ya 1: Kausha, kisha hakikisha

Mbao mbichi ikiungwa itakuharibia kila kitu utakachofanya baadaye. Mbao ya panda ni mbaya zaidi kwa sababu kila sehemu yake husinyaa kuelekea upande wake.

1. Paka nta iliyoyeyushwa au rangi nzito kwenye ncha za ubao. Maji hutoka kwa kasi zaidi nchani, ndiyo maana nyufa huanzia hapo.
2. Panga mbao juu ya vijiti vya unene sawa, chini ya paa, penye upepo na pasipo jua. Weka uzito juu.
3. Baada ya miezi kadhaa, zihamishie ndani ya nyumba.
4. Chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya dukani na uandike uzito wake juu yake kwa penseli. Kipime tena kila wiki. Uzito usipopungua tena kwa wiki tatu mfululizo, mbao imetulia na hewa ya mahali ulipo.

Usikaushe kwa jua kali wala juu ya moto ili kuwahi oda. Nje itakauka, ndani itabaki mbichi, na ufa utajitokeza ukishalainisha.

Hatua ya 2: Tafuta maua kabla ya kukata

Mbao chafu huficha sura yake. Randa kidogo, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji: rangi itakayoonekana kwa dakika moja hiyo inakaribiana na ile itakayobaki baada ya umaliziaji. Kata fremu ya karatasi yenye dirisha la mm 235 × 144, itembeze juu ya ubao, uone maua yanakaa vipi. Sogeza fremu mpaka mchoro ukae katikati au uegemee upande kwa makusudi, ndipo upige penseli.

Kipande kikiwa chembamba, chenye upana wa mm 78 na unene wa mm 20, kichane katikati ya unene wake upate mbao mbili, uzifungue kama kurasa za kitabu. Maua ya kulia yatakuwa kivuli cha ya kushoto. Nyoosha kingo mbili zinazokutana, ziunge kwa gundi, na baada ya saa 24 zipunguze zifike unene wa mm 6.

Hatua ya 3: Lainisha bila kung'oa

1. Noa chuma cha randa mpaka kikate nywele za mkononi. Kwa mbao ya maua, makali ndiyo nusu ya kazi.
2. Sogeza bati la juu la randa likaribie makali, libakize kama nusu milimita. Linavunja taka mapema kabla nyuzi hazijang'oka.
3. Pangusa uso kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyuzi zilizolowa hukatika kirahisi.
4. Pitisha randa kwa mshazari, ikitoa taka nyembamba zinazopitisha mwanga.
5. Ikifika penye fundo, acha randa. Chukua bati la kukwarulia, likunje kidogo kwa vidole gumba na ukwarue. Halijali nyuzi zinaelekea wapi.

> TAHADHARI: VUMBI
> Vumbi la mninga na la mkora huwasha pua na koo, na baadhi ya watu hubanwa kifua. Vaa barakoa, fanya kazi penye upepo, na usipulize vumbi kwa mdomo. Watoto wasicheze karibu.

Hatua ya 4: Kata kuta kwa mfuatano

Kuta zikitoka ubao mmoja kwa mfuatano, michirizi itazunguka kisanduku bila kukatika pembeni. Mzunguko una kona moja isiyokutana; ipeleke nyuma, penye bawaba.

1. Kabla ya kukata vipande, chonga mifuo miwili upande wa ndani wa ubao mzima, kila mmoja kina mm 5. Wa kifuniko una upana wa mm 6 na uko mm 6 kutoka ukingo wa juu. Wa kitako una upana wa mm 4 na uko mm 6 kutoka ukingo wa chini. Kama huna ruta wala randa ya mifuo, piga mistari miwili kwa msumeno ukiongozwa na ubao uliobanwa, kisha toa katikati kwa patasi nyembamba.
2. Andika namba upande wa nje: 1 fupi (160), 2 ndefu ya mbele (250), 3 fupi (160), 4 ndefu ya nyuma (250). Vipimo hivi ni vya upande wa nje.
3. Kata kila ncha kwa digrii 45. Tengeneza kiongozi cha mbao chenye mfereji uliokatwa kwa pembe hiyo. Mkono mtupu hautoshi.
4. Weka kuta 1 na 3 pamoja, kisha 2 na 4. Kila jozi lazima ilingane kabisa. Tofauti ya unene wa karatasi huonekana konani.

Hatua ya 5: Malizia kifuniko kabla ya kuunga

Hatua hii wengi huiruka. Lainisha ubao wa kifuniko na uupake umaliziaji wote, pande zote mbili pamoja na kingo, kabla haujaingia kwenye mfuo (angalia Hatua ya 8). Sababu ni mbili. Kwanza, ukisinyaa kiangazi, hautaonyesha mstari mweupe uliokuwa umejificha ndani ya mfuo. Pili, gundi ikichuruzika konani haitaushika.

Kuhusu nafasi, mfuo hadi mfuo ni mm 146 kwa upana. Ukiunga kiangazi, ubao uwe mm 144, nafasi ya mm 1 kila upande, maana utatanuka. Ukiunga wakati wa mvua, uwe mm 145, maana utasinyaa.

Hatua ya 6: Unga

1. Jaribu kuunga bila gundi kwanza. Kila kitu kikikaa sawa, fungua.
2. Ncha za mbao hunywa gundi. Zipake gundi iliyozimuliwa kwa maji kidogo, subiri dakika tano, kisha paka gundi nzito.
3. Tia gundi kwenye mfuo wa kitako. Plaiwudi haitanuki sana, kwa hiyo itashikilia kisanduku chote. Mfuo wa kifuniko usitie hata tone.
4. Funga kuta, kitako na kifuniko kwa pamoja, zungusha mpira wa tyubu mara kadhaa ukivuta. Mpira hubana kona zote nne kwa nguvu sawa.
5. Pima kutoka kona hadi kona, mshazari mmoja kisha wa pili. Vipimo visipolingana, sukuma kona ya mshazari mrefu kabla gundi haijashika.
6. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji. Acha saa 24.

Kona ya digrii 45 yenye gundi tupu ni dhaifu. Ikaze kwa ndimi: kata kona kwa msumeno kina cha mm 10, kwenye vimo vya mm 18, 45 na 72 kutoka juu, chomeka vipande vya mpingo vyenye gundi, vikikauka, visawazishe na ukuta. Usibadilishe vimo hivyo ovyo, kwani msumeno wa hatua inayofuata lazima upite kati ya ulimi wa kwanza na wa pili.

Hatua ya 7: Tenganisha kifuniko

Kisanduku sasa kimefungwa pande zote. Ukikipasua baada ya kuunga, kifuniko na mwili lazima vilingane, maana vilikuwa kitu kimoja.

1. Piga mstari kuzunguka pande zote, mm 27 kutoka juu.
2. Anza na pande fupi, kisha ndefu. Upande ulioisha, uchomeke kadibodi ya unene wa msumeno ili isibane.
3. Gandisha msasa namba 120 juu ya kioo au ubao ulionyooka, usugue kingo za pande mbili mpaka zikutane bila mwanga kupenya.
4. Weka bawaba mm 40 kutoka kila ncha. Chimba kitanda chake kwa patasi kwa kina cha unene wa bawaba iliyofungwa.
5. Toboa tundu la kila skrubu kwanza. Tanguliza skrubu ya chuma iliyopakwa nta, itoe, ndipo uweke ya shaba. Skrubu ya shaba ikilazimishwa kwenye mninga hukatika kichwa.

Hatua ya 8: Umaliziaji

Maua huonekana pale mwanga unapoingia ndani kidogo ya mbao na kurudi. Mikwaruzo hutawanya mwanga huo, na tabaka nene la vanishi huufunika. Lengo ni uso laini na tabaka nyembamba.

1. Msasa 120, 180, 240, kwa kufuata urefu wa ubao. Usiruke namba, kila moja inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia.
2. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, acha nyuzi zisimame na zikauke, kisha msasa 320 kwa mkono mwepesi.
3. Ondoa vumbi lote. Kagua chini ya mwanga wa upande: doa jeupe ni gundi, likwarue sasa.
4. Nje, paka sila tabaka mbili nyembamba, ukipitisha msasa 320 katikati. Inaziba vitundu vya mninga na kuzuia jasho la mikono.
5. Sila ikikauka kabisa, paka nta, subiri nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiache alama. Rudia kesho yake.
6. Ndani, tumia nta peke yake au acha mbao tupu. Mafuta na vanishi vikifungiwa ndani hutoa harufu kwa muda mrefu.

> NTA YA NYUMBANI
> Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na nta haipatikani mbali. Nta ghafi ina mabaki ya asali, na asali huita sisimizi, kwa hiyo isafishe kwanza. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande, ukwangue uchafu wa chini, urudie. Kisha weka sehemu 1 ya nta kwenye bakuli la bati ndani ya sufuria yenye maji. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Ipua na uiweke mbali na moto, ndipo uongeze sehemu 3 za tapentaini, ukoroge. Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko.

Mafuta ya alizeti yamejaa Singida na ni rahisi kuyafikiria. Usiyatumie. Mafuta ya kupikia hayakauki ipasavyo juu ya mbao. Hubaki yananata, hushika vumbi na baadaye hunuka. Ukitaka mafuta, tafuta ya kitani yaliyochemshwa, nawe uanike vitambaa vilivyolowa kimoja kimoja nje. Vikirundikwa, huweza kujiwasha moto vyenyewe.

Hatua ya 9: Ndani

Gandisha mahameli au kitenge juu ya kadibodi iliyokatwa pungufu ya mm 2, kisha uichomeke bila kuigandisha kwenye mbao, ili iweze kubadilishwa. Gawa vyumba kwa mbao za mm 4: kimoja kirefu cha mikufu, viwili vya bangili, na vidogo vya pete na hereni. Epuka gundi ya mpira, sponji na kitambaa cha sufu. Huweza kutoa salfa, na salfa huifanya fedha kuwa nyeusi.

Makosa ya kawaida

| Dalili | Chanzo | Tiba |
|---|---|---|
| Kifuniko kimepasuka katikati | Gundi iliingia kwenye mfuo | Hakuna tiba nyepesi. Badilisha ubao |
| Kona imefunguka | Ncha zilinywa gundi, hakuna ndimi | Safisha, unga upya, weka ndimi |
| Madoa meupe | Gundi haikufutwa | Kwarua, paka upya |
| Uso unanata | Nta nene au mafuta ya kula | Futa kwa tapentaini, anza upya |
| Kifuniko kinayumba | Kingo hazikusuguliwa juu ya kioo | Toa bawaba, sugua tena |

Ukaguzi kabla ya kukabidhi

☐ Kifuniko hufunga bila kusukumwa wala kuacha mwanga.
☐ Ubao wa kifuniko husogea kidogo ukiusukuma kwa vidole.
☐ Hakuna sehemu nyeupe ya mti wala vitundu vya bungua.
☐ Kitambaa cheupe kikisuguliwa ndani na nje hakitoki na rangi.
☐ Ndani hakuna harufu baada ya kufungwa usiku mzima.
☐ Risiti ya mbao ipo.

Mkabidhi mteja kisanduku pamoja na kikaratasi chenye maagizo manne: kisiwekwe dirishani penye jua, kisipanguswe kwa maji, kipakwe nta mara moja kwa mwaka, na kifuniko kikigonga kidogo kwenye fremu yake wakati wa kiangazi, asikitie gundi.